Kabla Hujafika Macon

Shemsa, usije Julai.
Julai hapa hewa huvaliwa
kama shuka lililotolewa majini bila kukamuliwa.
Njoo Machi, micheri ikichanua,
ingawa Machi nayo ina vumbi lake:
chavua ya misonobari, njano kama bizari,
juu ya magari, juu ya mbwa, juu ya ulimi.
Usifute. Mgeni ndiye anayefuta.
Sisi tunangoja mvua.

La kwanza ni salamu.
Waliokwambia Wamarekani hawasalimiani
waliishia uwanja wa ndege.
Hapa ukipita mbele ya baraza ya mtu kimya kimya
utasemwa mpaka Jumapili.
Ukiendesha, inua vidole viwili kwenye usukani
hata kwa usiyemjua,
hasa kwa usiyemjua.
Dukani usianze na bei. Anza na goti la mama yake,
kisha mvua, kisha mpira wa shule,
bei itakuja yenyewe ikiona haya.

Chai yao ni ya baridi,
tamu hadi jino bovu likutaje kwa jina.
Karanga huchemshwa na maganda yake;
zinauzwa kwenye kituo cha mafuta, sufuria iko nje,
zile nyingi, maji ya chumvi yakushuke hadi kiwikoni.
Asubuhi watakuletea uji mzito wa mahindi,
siagi juu, kamba juu ya siagi.
Usiuite ugali.
Mimi niliuita. Jirani yangu, Bi. Odessa Tillery,
akataka kuujua huo ugali, nikamsongea,
akala tonge moja, la pili, akafuta mdomo:
"Huu," akasema, "umesahauliwa jikoni."
Sahani lakini aliirudisha tupu.

Kwenye kivuko cha reli, karibu na ghala la pamba lililofungwa,
treni ya mizigo husimama itakavyo.
Usipige honi. Zima injini, shusha kioo.
Nimewahi kuhesabu mabehewa mia na kumi na mawili
na kupokea pichi mbili kutoka dirisha la jirani,
za moto kwa jua, kutoka kwa fundi viyoyozi aitwaye Renard.
Nusu ya watu ninaowajua mjini
nimewapatia hapo, tukizuiwa.

Watakupeleka kuona nyumba za nguzo nyeupe.
Nenda, ni nzuri, sitakudanganya.
Ila ukiwa ndani, uliza nani alibeba matofali.
Mwongozaji akikohoa, ngoja.
Akimaliza kukohoa, ngoja tena.

Halafu twende Ocmulgee, kwenye vilima.
Udongo ule ulipandishwa kwa vikapu,
kikapu kwa kikapu, mgongo kwa mgongo,
na wajukuu wa wabebaji wakafukuzwa, mbali, magharibi.
Panda ngazi mapema kabla ya joto.
Juu kule utaona mji wote na barabara kuu ikinguruma.
Mimi huvua viatu. Hakuna aliyeniagiza.

Jioni, hakuna.
Namaanisha hakuna hata kimoja:
kiti, baraza, feni, mbu.
Mwaka wangu wa kwanza niliita kuchoshwa.
Sasa namaliza zamu ya hospitali
nikiendesha haraka nisiikose.

Mgeni siku mbili, Shemsa, na ya tatu unaijua.
Jembe liko nyuma ya banda.
Kuna mmea hapa, kudzu, haulali;
umekwisha kumeza gari la marehemu mume wa Bi. Odessa,
Buick ya bluu, imebaki taa moja inachungulia.
Tumemwahidi kulikomboa kabla ya Pasaka.
Watakuja Renard na wanawe, atakuja mchungaji na panga,
kutakuwa na samaki wa kukaanga na kelele nyingi,
na hiyo ndiyo siku niliyotaka uione,
haya mengine nimeandika kujaza karatasi.

Lete glavu; za huku ni za mikono mikubwa.
Na bizari, Shemsa. Ile ya kweli.